Gego la Mama

Mjini, 3 Machi

Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku wote ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Vipi wewe, na kazi ya ghalani, na mgongo? Au mgongo umepona tangu mama aondoke?

Usishangae kuletewa barua wakati simu zipo. Kuta za nyumba hii ni mbao, na mama anasikia hata ninachonong'ona jikoni. Barua nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na ukijibu mpe huyo huyo, ni mtu mwaminifu ila anapenda kuulizwa hali ya watoto wake.

Nimempeleka mama kwa daktari wa meno kama tulivyopatana. Ulisema wiki moja tu, wifi: aje, atazamwe, arudi. Sasa sikiliza. Daktari amegonga-gonga na kijiti chake cha chuma akasema mwenye makosa ni gego la chini, upande wa kulia, la pili kutoka mwisho. Limetoboka hadi ndani. Anasema kuna njia mbili. Moja ni kuliokoa: wasafishe mzizi, watie dawa, liachwe litulie, arudi, atiwe tena, mwisho livishwe kofia. Kwa foleni ya pale hiyo ni miezi mitatu au minne, na lazima mgonjwa akae hapa hapa karibu. Ya pili ni kuling'oa. Asubuhi anaingia, mchana anatoka, kesho yake yuko kwenye basi.

Mimi naona ling'olewe. Sisemi kwa ubaya. Mtu wa umri ule gego moja la nini? Anaamka usiku ameshika shavu, mpaka namhurumia. Halafu unajua analala kwenye chumba changu cha kushonea, na huu ndio msimu wa sare za shule. Wateja wanapimwa huku wamesimama juu ya godoro lake.

Kaka yako nimempigia, yuko huko barabarani na lori lake. Nilipomweleza akasema, "Mtakavyoona nyinyi." Unamjua.

Nijibu upesi.

Wifi yako akupendaye


Nyumbani, 9 Machi

Wifi,

Salamu zako zimefika, na ule mkuki wa mgongo nao umefika. Mimi ni mzima. Nafurahi kusikia nanyi mnapumua.

Kuhusu gego, nimeshangaa. Mama yule unamjua au unamwona tu? Meno ndiyo kitu pekee anachojivunia. Wenzake wote wa rika lake ni vibogoyo, yeye bado anapasua karanga mbele yao makusudi, kisha anawauliza kama wanataka. Leo umpeleke akang'olewe kwa sababu ya sare za shule? Mwanamke una roho.

Liokolewe. Miezi mitatu si milele. Kama ni minne, basi ni minne, afya ya mama haina haraka. Daktari amesema lazima awe karibu, sasa mimi niliyeko huku nitafanyaje? Laiti hospitali ingekuwa kwetu ningemweka mwenyewe wala nisingekusumbua.

Na nikukumbushe kitu, maana watu wa mjini husahau. Tangu baba afariki, mama kakaa na nani? Kaka alikuoa, mkahama, mkawa mnatuma picha. Nguo zake nafua mimi. Dawa za presha namkumbusha mimi. Usiku akiota ndoto mbaya anaita jina langu, si lako. Miezi minne tu, wifi, hutakufa.

Msalimie. Mwambie asiogope sindano.

Wifi yako


Mjini, 17 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Na fundi, naye hajambo?

Usiniulize fundi gani. Jumapili alfajiri mama alitaka kukusalimia, nikampa simu yangu. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Mama akamuuliza ni nani, akajibu bila kuona haya, "Mimi fundi wa majokofu." Akakata. Mama akaniwekea simu mezani taratibu.

"Jokofu limeharibika?" akaniuliza.

"Labda, mama."

"Alfajiri ya Jumapili?"

Nikajifanya natafuta uzi. Wifi, mimi si wa kukusema, wewe ni mtu mzima na umeishi peke yako vya kutosha. Lakini sasa nimeelewa kwa nini gego la mama limekuwa na thamani ghafla. Jokofu gani hilo lisilopona mpaka fundi alale nalo?

Tangu siku hiyo mama hazungumzi sana. Ameanza kunishonea vifungo. Anakaa kwenye kiti kidogo karibu na dirisha, sare zimejaa mapajani, anaweka kifungo, anakata uzi, anaweka kingine. Sikumwomba. Anavikaza mno, mtoto wa darasa la kwanza hatavifungua bila msaada, nami namwacha. Jana aliniambia, "Mimi naweza kufanya hii kazi kila siku." Nikamwambia ale.

Jumanne tunakwenda kung'oa. Nimeshasema. Alhamisi umpokee stendi, na huyo fundi akusaidie kubeba begi.

Wifi yako


Mjini, 25 Machi

Wifi,

Natumai u mzima, maana mimi nusu niko mzima, nusu nimechoka.

Hakuja Alhamisi, umeona mwenyewe. Usidhani nimebadili nia. Jino limeng'olewa na maumivu yamebaki. Tulirudi nyumbani na shavu la ganzi, nikampangia nguo kwenye begi, usiku ganzi ikaisha akaanza kulia. Nikamfumbua mdomo kwa tochi. Gego bovu lipo pale pale, jeusi, linanitazama. Lililotoka ni jirani yake.

Asubuhi nilikwenda pale kufoka. Daktari naye akafoka. Alisema mashine yao ya picha imekufa, kwa hiyo anagonga jino moja moja na kumuuliza mgonjwa. Alipogonga lile, mama aliruka kitini. "Nilimuuliza, bibi ni hili? Akasema ni hilo hilo, litoe." Muuguzi naye akashuhudia. Nikarudi na aibu yangu.

Kwa hiyo ninaye bado. Fizi inabidi ipone kabla hawajagusa tena upande huo.

Wifi yako aliyechoka


Nyumbani, 31 Machi

Wifi,

Pole na uchovu. Mimi sijambo, ahsante.

Nilikuambia liokolewe, hukusikia. Ulimburura mama kwenye chumba cha watu wasio na hata mashine, kwa haraka ya kumrudisha kama sare iliyokosewa kipimo. Sasa ana pengo na gego bovu pia. Hongera.

Lakini kwa vile umeshanivua nguo, acha niseme wazi, nisije nikaonekana mnafiki peke yangu. Fundi amehamia. Chumba cha mama sasa kina majokofu matano ya watu, mengine yamelala chali, na waya na mitungi ya gesi. Kitanda nimekisimamisha ukutani. Sina pa kumweka, huo ndio ukweli.

Unacheka. Cheka. Hujui nilivyoishi. Aliyekuja kabla ya huyu alikuwa mwalimu, mtu mpole, na mama alimfukuza kwa kukohoa tu. Tukikaa sebuleni, tunasikia kikohozi kutoka chumbani. Tukicheka kidogo, kikohozi. Yule bwana siku ya mwisho alisimama akaniambia, "Mama yako anaumwa kifua, mshughulikie kwanza." Hakurudi. Mimi nina miaka arobaini na moja, wifi. Nampenda mama yangu, nakuapia, na nikisikia kile kikohozi kichwani mwangu natamani kuvunja kitu.

Mtafutie daktari mwingine, mwenye mashine, na jino liokolewe. Nakuomba. Safari hii siyo kejeli, nakuomba.

Wifi yako


Mjini, 14 Aprili

Wifi yangu,

Hali yangu si mbaya, na yako nimeielewa kutoka barua yako. Niliisoma mara mbili. Nilicheka pale kwenye kikohozi, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu huku hakohoi kabisa.

Ombi lako sikulifuata, nisamehe au usinisamehe. Nilimpeleka kwa daktari mwingine, binti mdogo tu, safi, ana mashine ya picha. Siku hiyo umeme ulikatika. Nikamwambia mimi siwezi kupoteza siku nyingine, nina oda ya shule nzima, ang'oe tu. Binti akagonga, mama akaonyesha kidole, akachomwa sindano, likatoka. Nilikuwa nimekaa nje nakunja kola.

Usiku, tochi. Wifi, gego bovu bado lipo.

Nilirudi na mama asubuhi, umeme ukiwepo. Yule binti akapiga picha, akaniita pembeni. "Meno mawili aliyong'olewa," akasema, "yote yalikuwa mazima. La jana lilikuwa zima kuliko yangu. Nilipogusa lile bovu hakutikisika. Mtu mwenye usaha kiasi kile hawezi kukosea. Bibi anajua anachofanya. Mwulizeni kwa nini."

Sikumwuliza pale. Nilimwacha mpaka tumefika nyumbani, akaketi kwenye kiti chake, akavuta sare. Mdomo umejaa pamba, na bado anaweka kifungo. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini unawaonyesha lisilouma?"

Akatoa pamba. Alinijibu bila hasira, kama ninavyoulizwa mimi bei ya sketi.

"Likitoka linalouma, nitakwenda wapi?"

Nilitoka uani nikalia. Nilidhani nikimaliza kulia nitakuwa mtu mwingine, nitaingia nimwambie mama kaa, hiki ni chumba chako. Nikapangusa macho, nikaingia, nikakuta mteja amesimama juu ya godoro na viatu, mama amejikunja ukutani ili ampishe. Nikachukua futi nikampima mteja.

Sasa sema wewe. Yale meno yake mengine hayana kosa, na akibaki hapa atayamaliza.

Wifi yako


Nyumbani, 19 Aprili

Wifi,

Salamu. Siku tatu nimeshindwa kukujibu. Hali yangu usiulize.

Nimesema na fundi. Hakutaka, tukagombana, mwishowe amekubali nimtandikie mama sebuleni hadi mwisho wa Juni. Kuanzia Julai umchukue wewe. Kisha mimi tena. Tutakuwa tunapeana hivyo, kila mtu apumue zamu yake. Usimwambie mama habari ya zamu.

Na gego, ling'olewe. Picha ipo, kwa hiyo safari hii mtu asimuulize kitu. Akiulizwa ataonyesha jingine, na jingine, mpaka abaki fizi, halafu watu waseme tulimtesa. Mshike mikono wewe mwenyewe. Ukimwonea huruma kidogo tu ataiona, na atakushinda. Mimi namjua.

Andika akishapanda basi.

Wifi yako


Mjini, 26 Aprili

Wifi,

Barua hii anayo kondakta, na mama anaye kondakta. Vyote viwili vipokee leo jioni.

Imekwisha. Nilimshika mikono kama ulivyosema. Alipoona daktari hamuulizi, hamgongi, anatazama picha tu ukutani, alielewa. Hakupiga kelele. Alifunga mdomo. Ilibidi muuguzi ambane taya, na mimi nikamwambia, "Mama, fumbua, ni kwa ajili yako." Alinitazama, akafumbua. Mzizi ulivunjika mara mbili, walichimba karibu saa nzima. Yule binti daktari alipomaliza hakuniaga.

Shavu limefura mpaka jicho limejifunga. Hawezi kusema neno. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa au anaonyesha kwa mkono. Dawa ziko mfuko wa pembeni wa begi, za rangi mbili, zote baada ya chakula, na chakula kiwe cha maji. Nguo zake zote nimeweka. Jana usiku alimaliza vifungo vya oda nzima, sikumwambia afanye. Nimekagua, hakuna hata kimoja kilicholegea.

Stendi nilitaka kumkumbatia, akanipa mkono.

Wifi yako


Nyumbani, 27 Aprili

Wifi,

Simu yako haipatikani tangu jana, kwa hiyo nakuandikia na kondakta ananisubiri mlangoni.

Basi limefika, mama hayumo.

Kondakta anasema alishuka njia panda, pale mabasi yanaposimama watu wanunue maji. Akamwambia, "Bibi, si hapa, bado." Mama akatikisa kichwa, akaonyesha chini kwa kidole kwamba amefika. Akaomba begi lake kwa ishara. Kondakta akadhani labda mmebadilisha, kuna ndugu atampokea. Nimemtukana mbele za watu, lakini kosa lake ni nini? Aliambiwa amefika.

Amerudi kwako? Niambie amerudi kwako. Nilikuwa nimemtandikia, shuka nilikuwa nimenunua mpya.

Wifi yako


Mjini, 3 Mei

Wifi,

Huku hayupo.

Simu ilikuwa imezimika, nililala kwa uchovu, na kwa kuta hizi mambo haya siwezi kuyasema kwa simu mbele ya wateja. Tangu nipate barua yako nimekwenda stendi kila jioni, nasimama kwenye mabasi yanayotoka upande wenu, natazama wazee wakishuka. Polisi sijaenda. Watauliza nani alimpandisha mgonjwa peke yake, na watampigia mtoto wake wa kiume. Kaka yako akijua, ndoa yangu haina kesho. Na wewe kaka yako hutamwona tena mlangoni kwako, unalijua hilo.

Nenda njia panda ukaulize. Mimi siwezi kuacha cherehani, oda inachukuliwa Ijumaa. Kaka yako nimemwambia tu kwamba mama amerudi kwako salama. Ningemwambia nini?

Chumba ni kitupu, nimerudisha meza ya kukatia mahali pake. Wateja wanasema sasa pana nafasi.

Wifi yako


Nyumbani, 10 Mei

Wifi,

Salamu za nini sasa, lakini salamu.

Nilikwenda njia panda na fundi. Mama mmoja anayeuza maji pale anamkumbuka. Anasema kulikuwa na bibi amekaa juu ya begi, kitambaa mdomoni, tangu mchana hadi jua linazama. Alimpa maji, akashindwa kunywa, yakamwagika na damu. Alimuuliza anakwenda wapi. Akanyoosha mkono upande wa mjini, akaushusha. Akanyoosha upande wa huku, akaushusha. Mwenye maji akafunga meza yake akaenda kwao, na kesho yake hakumkuta. Zaidi ya hapo hakuna mtu anayejua kitu. Pana barabara nne pale, wifi. Nilisimama katikati nikaita mama, mama, madereva wakanipigia honi. Fundi alikuwa na kazi, tukarudi. Nitakwenda tena Jumamosi akipata nafasi.

Sebuleni godoro bado liko chini. Siwezi kulikunja na siwezi kulitazama.

Jana usiku kaka alipiga. Yuko mpakani, mwezi huu harudi. Aliuliza hali ya mama, nikasema anaendelea vizuri. Akasema nimpe simu amsikie tu sauti. Nikamwambia yupo hapa karibu yangu, ila kwa sababu ya lile jino mdomo umevimba, hawezi kuongea.

Akasema basi, usimsumbue, umsalimie tu.

Nikamwambia nitamsalimia. Na wewe akikupigia, sema hivyo hivyo.

Wifi yako